Kompyuta kubwa ya mhariri: anayengoja toleo lijalo anangoja nini?

Jamaa yangu mmoja wa Langoni, hapa Lamu, ambaye riziki yake ni kupiga na kuhariri video za harusi, mashindano ya jahazi na matangazo ya nyumba za wageni za Shela, huniuliza swali lile lile kila tukutanapo barazani baada ya sala ya isha: anunue kompyuta mpakato ya skrini kubwa sasa, au angoje toleo lijalo? Kila aliyepata kuulizwa ana jibu lake, na majibu hayo hupingana kwa sababu wajibuji wanazungumzia vitu tofauti. Mmoja anawaza chipu, yaani kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote za mashine, wa pili anawaza skrini na umbo, wa tatu anawaza bei, ilhali vitu hivi vitatu havibadiliki kwa wakati mmoja wala kwa sababu moja. Tunapovifunga pamoja tukaviita "toleo jipya", tunajikuta tukingoja kitu ambacho huenda hakina uhusiano wowote na kinachotukwamisha kazini.

Kompyuta ninazozizungumzia hapa ni zile zenye skrini ya inchi 16 hadi 18, ambazo mhariri wa video, mchoraji wa ramani za majengo au mpiga picha huzitafuta kwa sababu anahitaji kuona picha, mstari wa matukio na vidhibiti vya rangi kwa pamoja bila kufungafunga madirisha. Ni kundi dogo sokoni, na historia yake si ya kukua moja kwa moja. Apple iliwahi kuuza MacBook Pro ya inchi 17 kuanzia 2006, ikaiondoa Juni 2012, na wahariri wakabaki na inchi 15 hadi Novemba 2019, inchi 16 ilipoingia. Yaani palikuwa na miaka saba ambayo mwenye kungoja skrini kubwa zaidi kutoka kampuni hiyo alingoja bure.

Tuanze na chipu, maana ndiyo inayosemwa zaidi. Nahodha wa zamani aliyekuwa akiingoja kaskazi alijua anangoja nini: pepo hizo huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi karibu mwezi wa tatu, na hata zikichelewa, huchelewa kwa majuma tu. Msimu wa chipu si wa kuaminika hivyo. MacBook Pro ya inchi 16 yenye chipu za M1 Pro na M1 Max ilitangazwa Oktoba 2021. Ya M2 Pro na M2 Max ikaja Januari 2023, baada ya miezi 15. Ya M3 Pro na M3 Max ikaja Oktoba ya mwaka huo huo, baada ya miezi 9 tu, na aliyenunua mwezi wa tisa bila shaka alijuta. Ya M4 Pro na M4 Max ikafuata Oktoba 2024, miezi 12 baadaye. Kufikia hapo watu walikuwa wamekwisha kuuamini mwezi wa Oktoba kama unavyoaminiwa mwandamo, lakini Oktoba 2025 ilipofika, chipu ya M5 ilitolewa kwa umbo la inchi 14 peke yake, na waliokuwa wakiingoja inchi 16 wakaachwa gatini na mizigo yao.

Kuchelewa huko hakukosi maelezo. Chipu hizi hutengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa kuchongwa nyingi kwa pamoja juu ya bamba moja la silikoni, na kasoro ndogo ikiangukia mahali pabaya inaweza kukiharibu kipande chote kilichoko hapo. Kipande kikiwa kidogo, bamba moja hutoa vizima vingi. Kikiwa kikubwa, sehemu kubwa zaidi ya kazi hupotea. Kompyuta za kazi nzito hutumia vipande vikubwa, kwa hiyo si ajabu chipu ndogo ya kizazi kipya ikatangulia na kubwa ikaja nyuma yake.

Upande wa Windows, saa ni nyingine. Kampuni ya NVIDIA ilizitangaza kadi za michoro, yaani chipu za pembeni zinazoshughulikia picha, za mfululizo wa RTX 30 za kompyuta mpakato Januari 2021, za RTX 40 Januari 2023, na za RTX 50 Januari 2025, kila mara wakati wa maonyesho ya CES ya Las Vegas. Mwendo huo wa miaka miwili miwili unatabirika zaidi, ila kutangazwa si kufika: mashine za RTX 50 zilianza kuwafikia wanunuzi kuanzia Machi 2025, na safari ya kutoka huko hadi kabati la kioo la duka la Mombasa ni subira nyingine.

Sasa tuulize, chipu mpya ikifika huleta nini? Hapa majina hudanganya. M3 Pro ya 2023 ilikuwa na namba kubwa kuliko M2 Pro, lakini kasi ya kupitisha data kati ya chipu na kumbukumbu ya kazi (RAM) ilishuka kutoka gigabaiti 200 kwa sekunde hadi 150, na katika toleo la viini 12, yaani vitengo vya hesabu ndani ya chipu, viini vyenye nguvu vilipunguzwa kutoka 8 hadi 6 na vile vya kuokoa umeme vikaongezwa. Kwa anayeandika na kuvinjari intaneti hilo halina madhara, na betri ilinufaika. Kwa anayebeba safu kadhaa za video kwa pamoja, maendeleo hayo yalikuwa na kwikwi. M4 Pro ikarekebisha mambo kwa kupanda hadi gigabaiti 273. Upande wa pili, kadi moja yenye jina la RTX 4070 ya kompyuta mpakato inaweza kuwa imewekewa kikomo cha wati 35 au cha wati 115, kwa hiari ya mtengenezaji wa mashine, na tofauti ya kasi kati ya hizo mbili inaweza kuzidi tofauti kati ya kizazi kimoja na kingine. Muuzaji hataji wati. Naona hilo ndilo swali la kwanza anayenunua Windows angepaswa kuuliza, kabla hata ya bei.

Lakini hata kasi yenyewe si kitu kimoja, na hili nililiona vizuri kwa jamaa yangu yule kuliko nilivyopata kulisoma popote. Siku moja alinipandisha chumbani kwake, orofa ya pili ya nyumba ya kizamani yenye zidaka ukutani, ambamo siku hizi hupanga diski zake za nje mahali palipokuwa pakiwekwa vyombo vya kaure. Akafungua mradi wa mashindano ya jahazi, klipu za dakika mbili mbili zilizopigwa kutoka kwenye mashua, akabonyeza kitufe cha kucheza. Picha ikasogea kidogo, ikaganda tanga likiwa nusu limefunguka, ikaruka hadi chombo kimekwisha kugeuza, ikaganda tena. Feni zikaanza kulia.

"Waona?" akasema. "Imechoka hii. Sina budi kupata mpya."

Nikamwomba afungue dirisha linaloonyesha mzigo wa mashine. Prosesa, yaani chipu kuu, ilikuwa asilimia mia moja, na kadi ya michoro, ile aliyoilipia fedha nyingi miaka mitatu nyuma, ilikuwa imekaa karibu bila kazi. Kiini cha tatizo kilikuwa kamera yake mpya, ambayo aliiweka irekodi kwa H.265, namna moja ya kubana video, ya biti 10 na kwa mpangilio wa rangi uitwao 4:2:2. Mpangilio huo huhifadhi habari nyingi zaidi za rangi kuliko ule wa kawaida wa 4:2:0, jambo linalosaidia sana unapotaka kunyanyua rangi ya bahari bila kuichafua rangi ya nyuso za watu, lakini video hiyo imebanwa mno, na kuifungua ili ionekane kunahitaji sakiti maalumu ndani ya chipu. Chipu za Apple za mfululizo wa M zinayo tangu mwanzo. Prosesa za Intel zenye michoro ya ndani zilikuwa nayo miaka kadhaa kabla ya NVIDIA, ambayo iliiongeza katika mfululizo wa RTX 50. Mashine ya jamaa yangu haikuwa nayo kokote, kwa hiyo kazi yote ilimwangukia prosesa, anayeweza kuifanya lakini kwa kutumia nguvu, kama mtu anayefungua nazi kwa meno.

Fikiria sasa lipi lingetokea kama angekwenda Mombasa wiki ile akanunua, kwa bei ya ofa, mashine yenye prosesa isiyo na sakiti hiyo na kadi kubwa kabisa ya kizazi kilichotangulia RTX 50. Tanga lingeganda vile vile. Na kama angebaki na kompyuta yake akatengeneza faili za mbadala, yaani nakala nyepesi za klipu zote ambazo programu ya uhariri huzitumia wakati wa kukata na kisha kurudi kwenye klipu asilia wakati wa kutoa kazi, picha ingetembea. Ndivyo tulivyofanya. Tuliiacha mashine ikitengeneza nakala usiku kucha, na asubuhi jahazi zikapita skrini nzima bila kusita. Tangu siku hiyo swali lake la kungoja likabadilika: aliacha kuuliza ni ipi yenye nguvu zaidi, akaanza kuuliza ni ipi yenye sakiti hiyo na kumbukumbu ya kutosha.

Kumbukumbu nayo inataka maelezo yake, maana ndiyo inayoamua mashine itadumu miaka mingapi. Katika kompyuta za Apple za siku hizi, kumbukumbu imeunganishwa pamoja na chipu, hutumiwa kwa pamoja na prosesa na sehemu ya michoro, na haiongezeki baada ya kununuliwa. Kikomo chake kimekuwa kikipanda kwa vizazi: gigabaiti 64 kwa M1 Max, 96 kwa M2 Max, 128 kwa M3 Max. Upande wa Windows kuna mashine ambazo bado zina nafasi za kuchomeka kumbukumbu, na Lenovo ilitumia katika ThinkPad P1 ya 2024 moduli mpya iitwayo LPCAMM2, bapa na ya kufungwa kwa skrubu, inayorudisha uwezo wa kuongeza bila kuinenepesha kompyuta. Hata hivyo kumbukumbu ya kadi ya michoro yenyewe haiongezeki, na RTX 5070 ya kompyuta mpakato ilipotoka 2025 ilikuja na gigabaiti 8 zile zile za RTX 4070, kiasi ambacho mradi wa video ya 4K wenye kazi kubwa ya rangi na kupunguza chengachenga huweza kukijaza. Ikiwa fedha hazitoshi vyote viwili, mimi huwashauri watu wachukue chipu ya kizazi cha nyuma yenye kumbukumbu nyingi kuliko chipu mpya yenye kumbukumbu haba. Chipu ya zamani itachelewa dakika chache kutoa kazi, lakini mashine iliyoishiwa kumbukumbu hugoma katikati.

Kuhusu skrini na umbo, saa yake hutembea polepole zaidi. Umbo la MacBook Pro lilibadilika kwa kiasi kikubwa 2012, 2016 na 2021, na kati ya miaka hiyo kilichobadilika ni cha ndani. Skrini ya mini-LED ya 2021, yenye nukta 3456 kwa 2234 na picha 120 kwa sekunde, iliendelea katika matoleo yaliyofuata, na nyongeza ya maana zaidi, kwa maoni ya mtu wa pwani, ilikuja 2024: kioo cha hiari kilichochongwa kisirudishe mwanga, pamoja na uwezo wa kung'aa hadi niti 1000 (niti ni kipimo cha mng'ao) kwa picha za kawaida palipo na jua. Ndani ya nyumba zetu za kuta nene hilo si kitu, lakini ukiwa gatini na mteja anayetaka kuona picha saa sita mchana, ni tofauti kati ya kuiona kazi na kujiona uso. Tetesi za skrini ya OLED zilivuma hata kabla ya iPad Pro kuipata Mei 2024. Skrini ya aina hiyo hutoa weusi kamili, na baadhi ya kompyuta za Windows za wahariri zinayo tayari, kwa hiyo anayeitaka kwa kazi hana haja ya kuingojea chapa moja.

Umbo jipya lina hatari yake vilevile. Lile la 2016 lilikuja na kibodi nyembamba iliyoitwa ya kipepeo, ambayo vumbi dogo liliweza kuifanya herufi igome au ijirudie. Apple ilifungua mpango wa kuitengeneza bure Juni 2018, na inchi 16 ya 2019 ndiyo iliyoanza kuiondoa. Kwa mji ambao mchanga huingia mpaka kwenye mfuko wa shati, ninaona busara kuwaacha wengine watangulie mwaka mmoja.

Kuna na jambo ambalo halitabadilika hata ungoje hadi lini. Betri ya inchi 16 ina takriban saa za wati 100, na haiongezwi kwa sababu kiwango hicho ndicho ambacho abiria anaruhusiwa kupanda nacho ndege bila kibali cha shirika. Saa za kazi zikiongezeka, zitatokana na chipu kula umeme kidogo. Hapo mashine za kadi kubwa zina udhaifu ambao matangazo huupitia haraka: nyingi hupunguza nguvu mno zikiondolewa kwenye chaja, wala chaja zake kubwa hazipatani na umeme wetu unaokatika katikati ya kazi. Tena feni zinazovuma muda wote huvuta hewa yenye chumvi hadi ndani, na baada ya kusi mbili utaona kutu kwenye skrubu za chini. Kompyuta isiyohitaji kuvuma sana huishi zaidi kisiwani. Hilo ni pendeleo langu, nimelipata kwa kufungua mashine za watu.

Imebaki bei, na hapa ndipo hesabu za kungoja hukosewa zaidi. Kanuni ya zamani ilisema ngoja, jipya litoke, la zamani lishuke. Mwishoni mwa 2025 kanuni hiyo iliyumba, kwa kuwa vituo vya data vya akili unde vilikuwa vikinunua kumbukumbu kwa wingi hata bei yake ikapanda kwa kila mtu; Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya kumbukumbu kwa wanunuzi wa kawaida. Mwenye kungoja ili apate nafuu aliweza kukuta amengojea nyongeza. Na kwa sisi tunaonunua kwa shilingi kuna jambo kubwa zaidi. MacBook Pro ya inchi 16 ya chini kabisa ilikuwa ikianzia dola 2,499 huko Marekani kwa matoleo kadhaa mfululizo. Mwezi wa kwanza wa 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, kiasi hicho kilikuwa kama shilingi 400,000 kabla ya kodi na usafiri. Baadaye mwaka huo huo, dola ilipotulia karibu na 129, kilikuwa kama 322,000. Shilingi 78,000 hivi zilikuja na kuondoka bila kompyuta yenyewe kubadilika hata skrubu moja.

Mwenye kompyuta ya zamani mno yuko mahali pengine kabisa. Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida Oktoba 2025, na macOS Tahoe, mfumo endeshi wa Apple wa mwaka huo, ndiyo ya mwisho kukubali mashine za Apple zenye prosesa za Intel, ikiwemo inchi 16 ya 2019. Kwake kungoja kuna tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haiendeshwi na kiwanda cha chipu.

Jamaa yangu hatimaye aliitazama kalenda yake mwenyewe. Harusi nyingi anazopiga hufanywa Rajabu na Shaabani, kabla ya mfungo, kisha kazi nyingine humjia Maulidi, Mfunguo Sita, wageni wanapojaa mjini. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, misimu hiyo kila mwaka hurudi nyuma katika kalenda ya wazungu, wala haifungamani na Oktoba. Alihesabu kwamba kungoja miezi mitano kungemkosesha msimu mzima kwa ajili ya skrini nyeusi zaidi.

Akachukua iliyotumika, ya M1 Max ya 2021 yenye gigabaiti 64. Kabla ya kulipa, nilimfundisha kuangalia betri imekwisha kuzungushwa mara ngapi, kwa kuwa imekadiriwa mizunguko 1,000. Kuhakikisha aliyeiuza ameondoa akaunti yake mbele ya macho yetu, la sivyo mashine hufungwa na kubaki sinia. Na kuifuta yote kisha kuiwasha upya ikiwa kwenye intaneti, ili kama ni mali ya ofisi fulani ijitangaze pale pale. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilijitangaza, tukamshukuru mwenye duka tukatoka. Ya pili ilikuwa na mizunguko 212.

Ilivuka kutoka Mokowe, gati ya bara, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, yeye akiipakata kama mtoto. Klipu za jahazi zinacheza sasa bila nakala, ila nakala bado anazitengeneza, kwa sababu harusi za Shaabani hupigwa kwa kamera tatu, na diski ndani ya zidaka zimeanza kujaa.